Mfuko Umejaa, Moto Hakuna

Jumatatu moja ya mwezi Mei, mfuko wa gesi ulioko nyuma ya soko la mboga mjini Kasulu ulijaa kuliko siku yoyote tangu ufungwe. Ni mfuko wa turubai zito jeusi, mrefu kama bodi la Fuso, na kwa kawaida asubuhi huwa umelegea katikati. Siku hiyo ulikaza mpaka mishono ikaonekana. Immakulata, mama wa miaka arobaini na tisa ambaye kazi yake ni kuulisha mtambo huo taka kila siku, aliupiga kofi dogo akausikia ukilia kama ngoma. Akaingia kibandani kwake, akafungua koki ya jiko la majaribio na kuwasha kiberiti. Kiberiti kilizimika mara tu kilipogusa gesi.

Akawasha cha pili, cha tatu na cha nne. Vyote vikazimika vile vile, kama mtu aliyekuwa ndani ya bomba anavipuliza.

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alijua kilichoingia kwenye tangi la mtambo, kwa sababu alikiingiza yeye mwenyewe, jana yake, peke yake. Ambacho hakujua ni kwa nini kilileta gesi nyingi namna hiyo bila moto.

Saa moja kasoro robo Kuruthumu alifika mlangoni. Kuruthumu ana jiko la pili kutoka getini, anauza chai, maandazi, wali na maharage, na sauti yake husikika mpaka kwa wauza dagaa.

"Mama Winnie, kuna nini? Nimefungua koki, jiko linanipumulia tu."

"Linakuja, Bi Kuruthumu. Nipe dakika."

"Dakika? Mfuko wenu umevimba hivi! Ng'ombe ana kiwele kama mtungi, ukikamua unatoka upepo!" Akageuka kuwaambia wenzake. "Jamani, tafuteni mkaa. Leo tunapika kizamani."

Tangi lenyewe lina miaka miwili na nusu. Lilijengwa na ushirika wa wafanyabiashara wa soko hilo, baada ya miaka mingi ya kulumbana juu ya lundo la taka lililokuwa likifuka moshi nyuma ya vibanda wakati wa kiangazi na kutiririkia mtaroni wakati wa masika. Ni kuba la matofali lililozama ardhini, limebaki kichwa tu juu. Upande mmoja kuna shimo la kulishia, upande wa pili linatoka uji mweusi ambao wakulima wa Heru Juu huja kuuchota kwa ajili ya migomba. Gesi hupanda kwenye mfuko. Kutoka hapo inaendesha majiko sita ya mama lishe, na jenereta ya mashine ya kusaga na taa za soko umeme unapokatika.

Chakula cha tangi ni kile ambacho soko linakitupa. Kuna kabichi zilizooza kutoka Muyama, nyanya zilizopondeka safarini, maganda ya ndizi na ya muhogo, makombo ya mama lishe. Juu yake huongezwa kinyesi cha ng'ombe kutoka machinjioni. Yote hayo huletwa kwa mkokoteni na Fidele, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwembamba, asiyeongea sana. Immakulata huyachambua kwa mkono, hukata yaliyo makubwa kwa panga, huyachanganya na maji na kuyamimina. Hufanya kazi hiyo zaidi kwa pua kuliko kwa macho. Uji wenye afya, anasema, unanuka zizi. Ukinuka kitu kingine, jiulize.

Ubaoni mlangoni kwake yameandikwa yasiyoruhusiwa kuingia: plastiki, mchanga, maji ya sabuni, mabaki ya nguruwe, mabaki ya pombe. Matatu ya kwanza yaliandikwa na fundi. Mawili ya mwisho yaliongezwa na mkutano wa ushirika kwa ombi la mama lishe Waislamu, ambao hawakutaka moto wao utokane na vitu hivyo. Wakristo hawakupinga. Immakulata, ambaye ni Mkatoliki, ndiye aliyeshika brashi ya rangi.

Alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji kimoja kilomita chache kutoka Kibondo mjini, miaka minne baada ya wazazi wake kuvuka mpaka kutoka Burundi na godoro moja na chungu kimoja. Chungu hicho mama yake, Ntirampeba, alikitumia kupikia urwarwa, pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo alisomesha watoto watatu mpaka darasa la saba. Familia sasa ni raia. Immakulata aliolewa Heru Juu, naye akapika urwarwa miaka kumi na saba. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa majani, maji yake huwekwa kwenye mtumbwi wa mti. Kisha unanyunyizwa unga wa mtama ulioota na kukaangwa, mtumbwi unafunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake utamu ule unachemka wenyewe bila moto. Pombe ikichelewa kuchemka, mpishi huongeza unga, au huchota machicha ya pombe ya jirani iliyokwisha kuiva na kuyatia humo.

Alipoanza kuumwa magoti aliacha kukamua ndizi. Mume alikuwa amefariki, na binti yake, Winnie, ameolewa Uvinza. Ushirika ulipotafuta mtu wa kulisha tangi, mwenyekiti wake, Mzee Khatibu, muuza vifaa vya ujenzi, alisema waliopika pombe wanajua usafi wa chombo na kuvumilia siku. Wakampa.

Mwaka huu ikaja habari ya Kibondo. Wafanyabiashara wa soko moja la huko walitaka kujenga mtambo kama huo, na waliomba waje kuuona ukifanya kazi. Wakiridhika, wangehitaji pia mtu mwenye uzoefu wa kuulisha. Mzee Khatibu alimwambia Immakulata kwamba jina lililopelekwa ni lake. Mama yake ana miaka themanini na moja, anaishi peke yake, na jirani ndiye anayemtekea maji. Immakulata humwona mara mbili kwa mwaka. Jioni hiyo alimpigia simu mama yake akamwambia: "Nakuja kukaa."

Ugeni ulipangwa Jumatano. Wiki iliyotangulia mvua za mwisho za masika zilikuwa zimepoza ardhi, na tangi likipata baridi gesi hupungua. Jumamosi, siku ya gulio, majiko yaliukausha mfuko ukabaki umelala chini kama ngozi iliyoanikwa. Fundi wa mtambo, Badru, kijana aliyesomea chuo cha ufundi na anayehudumia mitambo kadhaa ya wafugaji kati ya Kasulu na Buhigwe, alimwambia kwa simu asihangaike: alishe kama kawaida, gesi itarudi taratibu.

Taratibu haikuwa neno la wiki hiyo. Jumapili, siku ambayo majiko ya sokoni hufungwa kwa usafi, Immakulata alitoka misa ya kwanza akaenda kwa wifi yake, Claudine, anayepika urwarwa Heru Juu. Bodaboda wawili walileta magunia tisa ya machicha na debe mbili za unga wa mtama. Alilisha tangi asubuhi, mchana na jioni. Alifanya kile ambacho mpishi yeyote wa urwarwa angekifanya kwa chombo kilichochelewa kuchemka.

Nalo lilichemka. Usiku mmoja tu mfuko ukajaa.

Badru alifika Jumatatu mchana na mkoba wa spana. Alikagua mabomba na kupaka sabuni kwenye maungio akitafuta mahali hewa inapoingia. Akachovya karatasi ya kupimia uchachu kwenye uji. Karatasi, ambayo siku zote hubaki ya kijani, iligeuka rangi ya majani makavu.

"Limechacha," alisema. "Mama Winnie, limekula nini?"

"Kabichi. Nyanya. Za siku zote."

"Na muhogo?"

Kwa bahati mbaya ya Fidele, Jumamosi alikuwa ameleta maganda ya muhogo kutoka kwa wakaushaji karibu na stendi, na wengi walimwona akipita nayo. Maganda ya muhogo huchacha haraka. Badru alikisia, na kukisia kwake kulikuwa na sababu.

"Karai nne tu, fundi," Fidele alisema. "Nne. Huwa naleta mpaka sita."

"Labda hizi zilikuwa mbichi zaidi."

Fidele alimtazama Immakulata. "Dada Imma, si ulizipokea wewe? Zilikuwa na shida?"

Immakulata alisema hakumbuki.

Jumanne karatasi ilionyesha uchachu umezidi. Badru alipima gesi ya mfuko kwa kifaa cha kuazima akakuta karibu yote ni hewa ile ile inayotoka kwenye soda unapoifungua. Inajaza mfuko, lakini haiwaki, na inazima kinachowaka. Alishangaa. Muhogo peke yake, alisema, usingefanya hivyo kwa usiku mmoja.

Jumatano saa nne wageni walishuka kwenye Noah. Walikuwa watano, wakiongozwa na Bi Faudhia, muuza vitenge wa Kibondo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mzee Khatibu aliwaonyesha shimo la kulishia, kuba, bomba na mfuko. Aliongea sana. Walipofika kwa Kuruthumu, jiko la gesi lilikuwa kando, baridi, na mwenyewe alikuwa anapepea mkaa.

"Moto tutauona lini?" Bi Faudhia aliuliza.

"Kuna hitilafu ndogo mama, mafundi wanashughulikia."

"Kwa hiyo tumeamka saa kumi na moja Kibondo kuja kuangalia puto."

Mama lishe walicheka, na Kuruthumu akacheka kuliko wote. Wageni walipewa chai ya mkaa wakaondoka kabla ya adhuhuri. Bi Faudhia alisema hawasemi ndiyo wala hapana. Wangesubiri kusikia kama ugonjwa umejulikana, kwa sababu hawawezi kujenga kitu ambacho wenyewe hawajui kinauawa na nini.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, kamati ya ushirika ilikutana kwenye ghala la Mzee Khatibu, katikati ya mabati na mifuko ya saruji. Walikuwapo wajumbe saba, Kuruthumu akiwa mwakilishi wa mama lishe, pamoja na Badru, Immakulata na Fidele. Badru alisema ana njia mbili. Kama sababu ni muhogo, anaweza kulitibu tangi kidogo kidogo. Kama ni kitu kingine asichokijua, itabidi litapishwe lote na kuanza upya, miezi mitatu au minne, na Kibondo wataambiwa kwamba sababu haikujulikana. Mjumbe mmoja akapendekeza Fidele asimamishwe mkokoteni, ili angalau wageni waone hatua imechukuliwa.

Fidele alikuwa anachezea kofia yake.

Immakulata alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, Fidele mwacheni. Muhogo hauna kosa. Mimi nililitia tangi machicha ya urwarwa."

Nje mtu alikuwa anagonga bati.

"Kiasi gani?" Badru aliuliza.

"Magunia tisa. Na debe mbili za unga wa mtama ulioota."

"Siku moja?"

"Jumapili. Nilitaka lichemke kabla ya wageni."

"Alhamdulillahi," Badru alisema na kutoa kalamu, kisha akaona nyuso za waliomzunguka akairudisha mfukoni. "Nina maana, sasa najua la kufanya."

Kuruthumu alikuwa amesimama. "Subiri kwanza. Pombe? Kwenye moto wangu? Rangi ya ubao ule ulipaka wewe, Mama Winnie! Mimi nimewapikia watu wa swala tano kwa machicha?"

"Hujawapikia, Bi Kuruthumu."

"Nimewapikia wiki nzima!"

"Kwa mkaa. Tangu Jumapili ile gesi haijawaka hata mara moja."

Mzee Khatibu aliinamisha kichwa akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Wajumbe wawili walitazama mabati. Kuruthumu alihesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akaona hesabu imekubali, akaketi. Hakucheka. Alisema tu kwamba moto kuzimika hakufuti kosa la kuweka pombe, na katika hilo hakuna aliyembishia, Immakulata akiwa wa kwanza.

Uamuzi ulichukua nusu saa. Immakulata aliondolewa kwenye kulisha tangi kwa miezi mitatu, akabaki kuchambua taka. Fidele alipewa ulishaji, chini ya maelekezo ya Badru. Jina la Immakulata likaondolewa kwenye barua ya Kibondo. Mzee Khatibu alimuuliza kama ana la kusema.

"Fidele afundishwe kunusa," alisema. "Karatasi inachelewa."

Matibabu yalianza siku iliyofuata. Kuruthumu alikwenda kwanza kumuuliza shekhe wa msikiti wake. Alirudi bila kueleza aliambiwa nini, akataka theluthi ya uji imwagwe kabla ya kitu kingine chochote. Badru alisema kitaalamu ilikuwa lazima ifanyike hivyo hivyo, kwa hiyo haikujulikana kama Kuruthumu alimtii fundi au fundi alimtii yeye. Ulishaji ulisimamishwa. Kilichohitajika baada ya hapo ni kupunguza uchachu, na chokaa ya kutosha ilikuwa haijafika kutoka Kigoma.

Immakulata, akiwa kwenye meza yake ya kuchambulia, alimwambia Badru kuhusu maji ya majivu. Kila mwanamke wa Kasulu anayajua. Majivu hutiwa kwenye chombo kilichotobolewa, maji humwagwa juu, na yanayochuruzika chini hulainisha maharage magumu na kuondoa ukali wa mboga. Badru alichovya karatasi ndani yake, ikageuka buluu iliyokolea.

"Tutahitaji mapipa," alisema.

Majivu hayakukosekana, kwa kuwa majiko yote sita yalikuwa yamerudi kwenye mkaa. Kuruthumu alileta ndoo ya kwanza mwenyewe, akaitua mbele ya Immakulata.

"Haya. Ya halali hayo."

"Asante, Bi."

"Usinishukuru. Mkaa unanitoa machozi."

Maji ya majivu yalishika kazi kwa siku nane mpaka chokaa ilipofika. Kila asubuhi Fidele aliongeza ndoo chache za kinyesi kibichi kutoka machinjioni, kwa sababu wadudu wanaotengeneza gesi inayowaka huishi matumboni mwa ng'ombe, na wale wa tangini walikuwa wamekufa kwa uchachu. Hapo ndipo Badru alipomweleza Immakulata alipokosea. Wazo la kuongeza mbegu kutoka chombo kilichokwisha kuiva lilikuwa sahihi. Mbegu ndiyo haikuwa yake. Hamira ya pombe na wadudu wa gesi hawakai nyumba moja, na hamira ndiyo yenye kasi zaidi.

"Kwa hiyo ningechukua machicha ya tangi jingine," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

Siku ya ishirini na tatu, saa moja asubuhi, Fidele alifungua koki na kuwasha kiberiti. Moto ulitoka wa buluu, mdogo, ukayumba, ukakaa. Immakulata aliuona akiwa mlangoni. Aliendelea kuchagua mifuko ya plastiki kwenye lundo la maganda.

Kibondo waliandikiwa ugonjwa ulikuwa nini, ulisababishwa na nini na ulipona vipi. Bi Faudhia alijibu kwamba hayo ndiyo waliyotaka kuyajua, na kwamba watajenga. Wakaomba mlishaji. Jina lililokwenda safari hii ni la Fidele. Hakuwa na mke wala shamba la kumzuia, na kwa miezi ile mitatu alikuwa amenusa tangi kila asubuhi huku Immakulata akimsahihisha.

Mwezi Novemba tangi la Kibondo lilipokamilika lilihitaji mbegu. Mapipa manne ya uji wa Kasulu yalipakiwa kwenye Fuso, na Immakulata, aliyekuwa amerudishiwa ulishaji, alitumwa kuyasindikiza na kusimamia umiminaji. Bi Faudhia alikuwa akingoja kwenye kuba jipya.

"Wewe ndiye wa puto?"

"Ndiye mimi."

"Na haya hayana pombe?"

"Nusa."

Bi Faudhia aliinama juu ya pipa, akarudi nyuma hatua mbili. "Mavi matupu!"

"Ndivyo inavyotakiwa."

Alikaa siku mbili kwa mama yake. Ntirampeba alimuuliza mizigo mingine iko wapi.

"Sikuja kukaa, mama. Tangi limepata mtu."

"Si ulisema ni wewe?"

"Nilisema."

Immakulata alijaza maji kwenye vyombo vyote vya nyumba hiyo, hata sufuria, akapanda basi la Kasulu.

Fidele alimpigia simu kila asubuhi kwa wiki nne. Uji unanuka hivi, povu liko hivi. Immakulata aliuliza kama harufu inakaa puani au inashuka kooni, akimwambia aongeze maji au aache. Siku ya ishirini na nane Fidele hakueleza harufu. Aliweka simu karibu na jiko ili asikie moto ukivuma.

Mchana huo Fidele alichukua chupa ya chai ya kwanza iliyochemshwa kwenye jiko hilo, akampelekea Ntirampeba. Jioni bibi alimpigia binti yake simu kulalamika. Kijana wake ni mwema, alisema, amemtekea na maji pia, lakini chai haikuwa na sukari.